Kipimo Kisichopima

Ukiingia katika duka lolote la nchi hii, liwe Kisumu au Lamu, ukataka kilo moja ya sukari, utapewa kilo moja ya sukari. Mwenye duka aweza kuwa mkali au mpole, mchoyo au karimu, lakini kilo yake ni ile ile ya jirani yake. Na kama si ile ile, amevunja sheria, na mkaguzi wa vipimo akipita na mawe yake ya mizani atamfikisha mahakamani. Mafuta ya taa huuzwa kwa lita, na lita ya bara haipungui ifikapo pwani. Kitambaa nacho huuzwa kwa mita. Lakini ondoka kwenye kitambaa kilicho katika jora uende kwenye kitambaa hicho hicho kilichokwisha kushonwa, nawe utaona ajabu. Kilipokuwa katika jora kilikuwa na kipimo; kiliposhonwa kikawa shati, kipimo kilitoweka, na mahali pake ikaja nambari ambayo hapana mtu awezaye kukueleza ni nambari ya kitu gani.

Naandika kuilaumu nambari hiyo. Nasema kuwa nambari iliyoshonwa katika ukosi wa shati, au iliyopigwa chapa katika soli ya kiatu, ni kipimo kama kipimo kingine chochote; na kwamba auzaye kwa kipimo kisichopima hana tofauti na mwenye pishi ya kitako cha uongo. Najua wako watakaocheka wakasema kuwa nimekosa neno la kuandika, na kwamba katika nchi yenye njaa, maradhi na barabara mbovu mtu mzima hapaswi kupoteza wino kwa habari za viatu. Wacheke. Aliyevaa kiatu kinachombana kutoka alfajiri mpaka jioni hacheki, na kisa changu ni cha mtu wa namna hiyo.

Mwezi wa Januari mwaka 2017 mpwa wangu alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Barua ya shule ilitaja vitu vingi, na miongoni mwake jozi moja ya viatu vyeusi vya ngozi, vya kufunga kwa kamba. Dada yangu anaishi shambani, nami naishi mjini. Akaniomba ninunue viatu hivyo nivipeleke kwa basi. Nikamwuliza nambari. Akatazama soli ya viatu vya zamani vya mtoto akaniambia 6. Nikaenda dukani, nikataka 6, nikapewa 6, nikalipa fedha ambazo sikuwa nazo nyingi, nikavipeleka. Baada ya siku mbili dada alinipa shukrani: mtoto amevijaribu na amesema vinamfaa.

Mtoto alisema uongo, nami simlaumu. Alijua viatu vile vimetoka wapi na vimegharimu nini, na alijua kuwa jozi ya pili haipo. Katika umri wa miaka 14 aliona ni heshima kunyamaza. Basi akaenda shuleni akiwa amekunja vidole vya miguu kama mtu ashikaye ukuta kwa kucha. Juma la kwanza yalimtoka malengelenge, juma la tatu ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi, baadaye ukang'oka. Siku ile alivaa ndara kwenda kwenye gwaride la asubuhi, na kwa kuwa ndara si sare ya shule, alipewa adhabu ya kufyeka nyasi. Haya yote niliyajua siku ya wazazi, nilipomwona akija kunilaki kwa kuchechemea, huku ametabasamu.

Nikarudi dukani na viatu mkononi. Ukutani palikuwa na kibao, nawe bila shaka umekiona katika maduka mengi: mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka alikuwa mtu wa adabu. Alikitazama kiatu akanionyesha chapa ya soli, akasema, "Mzee, si ulitaka sita? Hii ni sita." Nami sikuweza kumbishia, maana ilikuwa sita. Kisha akafungua kasha jingine akatoa 6 ya kiwanda kingine. Tukaviweka soli kwa soli. Kimoja kilimpita mwenzake kwa upana mzima wa kidole. Nikamwuliza, "Ipi basi ndiyo sita?" Akajibu bila kusita, "Zote ni sita, mzee. Hii yako ni sita ndogo."

Sita ndogo! Nimesoma hesabu kwa miaka mingi na sikupata kuambiwa kuwa kuna sita ndogo na sita kubwa. Kama mtu huyo angalinipimia kilo ya unga, akaniambia kuwa hii ni kilo ndogo, yeye mwenyewe angalijua kuwa anastahili kukamatwa. Lakini kwa kiatu alilisema neno hilo kwa moyo mweupe, na nina yakini hakuwa mdanganyifu. Yeye naye ameuziwa nambari kama mimi. Ndiyo sababu simtaji yeye wala duka lake. Lawama yangu inakwenda mbali zaidi ya kizingiti chake.

Hebu tutazame nambari hizi zimetoka wapi. Waingereza wa kale walipima vitu vifupi kwa punje za shayiri: punje tatu zikipangwa ncha kwa ncha zilihesabiwa kuwa inchi moja. Hesabu ya viatu vyao mpaka leo hupanda kwa punje moja moja, yaani theluthi ya inchi, kiasi cha milimita 8 na nusu. Nayo haianzi kwenye kisigino kama mtu mwenye akili angalivyotazamia; huanza baada ya inchi 4, na hapo ndipo palipo na sifuri. Kutoka sifuri hupanda moja, mbili, tatu, hata 13. Kisha badala ya kwenda 14, hurudi tena kwenye moja na kuanza safari mpya ya watu wazima. Kwa hiyo ziko nambari 3 mbili, ya mtoto mchanga na ya mtu mkubwa, na kati yao pana inchi nne na zaidi. Nchi yetu ilipotawaliwa na Waingereza ililetewa punje hizi, na ilipojitawala mwaka 1963 ilibaki nazo miguuni.

Wafaransa hawakutaka shayiri. Wao walichukua theluthi mbili za sentimita kuwa hatua moja, na ndizo 38, 40 na 42 uzionazo kwenye viatu vingi vya Ulaya. Wamarekani walifuata punje za Waingereza lakini wakaanza kuhesabu mahali pengine, na tena wakaweka hesabu moja ya wanaume na nyingine ya wanawake, hata mguu ule ule ukipewa mwanamke hupata nambari kubwa kuliko ukipewa mwanamume. Wajapani wao waliandika sentimita.

Chukua kalamu, kijana, ufanye hesabu nami. Nambari 42 ya Ulaya, mara theluthi mbili za sentimita, ni sentimita 28. Nambari 8 ya Mwingereza ni punje 33, kwa kuwa ni lazima uhesabu na zile 25 zilizotangulia. Nazo ni inchi 11, ambazo ni sentimita 27.94. Hapo hesabu mbili zimekaribiana, tofauti yake ni kama unene wa uzi. Utafurahi ukadhani kuwa zinapatana. Sasa jaribu 41. Utapata sentimita 27.33. Nambari 7 ya Mwingereza ni 27.09, na 7 na nusu ni 27.52. Nambari 41 imeangukia katikati, haimgusi huyu wala yule. Na bado utaona kasha limeandikwa 41 na 7 kwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Wala hayo si yote. Urefu huo niliouhesabu si urefu wa mguu wako. Ni urefu wa kalibu, yaani lile umbo mfano wa mguu ambalo kiatu huundwa juu yake. Kila kiwanda kina kalibu zake, na kila fundi huacha nafasi ya vidole kwa kadiri aionavyo yeye: mwenye kiatu cha ncha kali huacha nyingi, mwenye kiatu butu huacha kidogo. Hivyo nambari inakueleza habari za kitu ambacho hutakiona kamwe, kilichobaki kiwandani, na juu ya mguu wako haikuelezi lolote. Hii ndiyo siri ya sita ndogo.

Nilipompelekea dada yangu habari hizi zote, nikiwa nimejaa elimu ya punje na theluthi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kaka, ungaliniambia nikukatie kijiti."

Kama hukulelewa shambani huenda hukijui kijiti hiki. Mama aendaye sokoni kumnunulia mtoto viatu, na mtoto haendi naye, humsimamisha juu ya ardhi, huweka kijiti kando ya wayo, hukikata sawasawa na kisigino na ncha ya kidole kirefu. Sokoni hukitia kijiti ndani ya kiatu. Kikiingia na kubakisha nafasi ya nyuma ya kidole, hulipa. Kikipinda, hukirudisha kiatu. Hasomi nambari; hata akijua kusoma hana haja nayo. Mama huyu amefanya jambo ambalo viwanda vya dunia vimeshindwa kulifanya kwa karne nyingi: amepima mguu wenyewe, kisha akakilinganisha kiatu na mguu.

Wazee wetu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa pima. Dhiraa ilikuwa kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na bila shaka mwenye mkono mrefu alipata kitambaa kirefu. Watu wa leo hukicheka kipimo hicho. Mimi nasema kilikuwa na uaminifu ambao nambari yetu haina, kwa maana mkono uliopima ulikuwa mbele ya macho ya mwuzaji na mnunuzi. Kama mkono ni mfupi, uliuona ni mfupi, ukabishana. Nambari ya kiatu ni dhiraa ya mtu asiyeonekana, aliye katika mji usioujua. Nawe ubishane na nani?

Nimesema mengi ya viatu, na nguo ni mbaya zaidi. Zamani mtu aliyetaka suruali alikwenda kwa fundi cherehani, akasimama kama mlingoti, fundi akamzungushia utepe kiunoni na kumtajia mwanafunzi wake hesabu ya kuandika. Nguo ilishonwa kwa ajili ya mwili mmoja. Nguo za kushonwa tayari kwa wingi zilipata nguvu kwa sababu ya majeshi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, serikali ilihitaji sare nyingi kwa haraka, na ikaonekana kuwa ukijua kifua cha askari waweza kukisia sehemu nyingine. Wanaume wakapata kipimo chao, nacho kiliandikwa kwa inchi. Wanawake waliachwa wabahatishwe.

Mwaka 1939 na 1940 Wamarekani walijaribu kuliondoa jambo hilo. Ruth O'Brien na William Shelton, watumishi wa Wizara ya Kilimo, walisimamia kazi ya kuwapima wanawake karibu 15,000 katika majimbo kadhaa, kila mmoja mahali 59 pa mwili wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 1941. Kazi ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na doa ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita bila kulitazama: vipimo vya wanawake wasiokuwa weupe viliachwa nje ya hesabu. Juu ya msingi huo serikali ilitangaza kanuni ya saizi mwaka 1958. Wenye viwanda waliifuata walipotaka, wakaiacha walipotaka, na mwaka 1983 ikaondolewa kabisa.

Tangu hapo kila mwenye kiwanda amekuwa mfalme wa nambari zake, na wafalme hao wamegundua jambo moja juu ya moyo wa binadamu: mnunuzi hupenda kuambiwa kuwa ni mwembamba. Basi wakaipanua nguo na kuiacha nambari pale pale. Katika kanuni ya 1958 gauni nambari 8 lilikuwa la mwanamke mwenye kiuno cha inchi 23 na nusu, yaani sentimita 60 hivi. Leo katika maduka mengi ya Marekani kiuno cha nambari 8 kimepita sentimita 70. Mwanamke wa nambari 8 amenenepa kwa kalamu tu. Wala usidhani kuwa wanaume wamesalimika kwa kuwa suruali zao huandikwa inchi. Mwaka 2010 gazeti la Esquire la Marekani lilitangaza matokeo ya kupima suruali za maduka mbalimbali zilizoandikwa kiuno inchi 36. Moja ilitimia inchi 41. Hapa, msomaji, hatuzungumzi tena juu ya punje za shayiri na desturi za kale. Inchi ni inchi. Aandikaye 36 juu ya 41 amesema uongo ulio wazi kama jua, na kwa kuwa uongo wenyewe ni wa kumsifu mnunuzi, mnunuzi hushukuru.

Ng'ambo, gauni lile lile moja ambalo Mmarekani huliita 8, Mwingereza huliita 12, Mjerumani 38, Mfaransa 40 na Mwitalia 44. Nguo hizo zote hatima yake ni kwetu. Zikishavaliwa hufungwa marobota, hupakiwa melini, hushushwa Kilindini, na hufunguliwa Gikomba na Kongowea, robota moja likiwa na lugha tano za kipimo zilizochanganyika kama mchele na choroko. Wenye kuuza mitumba ni watu wa busara, nao hawazisomi nambari. Utamwona kijana anamchukua mnunuzi suruali, anaifunga kifungo, anamzungushia shingoni. Ikikutana nyuma ya shingo, anamwambia ichukue, itakutosha. Nimeona wageni wakicheka. Lakini shingo ya mtu haisifu wala haimbembelezi, nami nimenunua suruali kwa njia hiyo mara nyingi kuliko nilivyokosea.

Sasa nageukia neno linaloniuma kuliko fedha. Wewe usomaye haya una umri ambao mwili hubadilika kila mwezi. Nimewahi kusimama nje ya chumba cha kujaribia nguo nikimngoja binti wa jamaa yangu, msichana wa miaka 16, mwenye afya na mcheshi. Aliingia na sketi mbili za nambari moja. Ya kwanza ilimkaa vizuri. Ya pili haikupita mapajani. Alitoka amenyamaza, na njiani aliniambia kuwa ataacha kula chakula cha jioni. Nikamwuliza kwa nini asimlaumu mshonaji. Akanitazama kana kwamba nimenena Kigiriki. Hakupata hata kufikiri kuwa sketi ndiyo iliyokosea. Nguo mbili zimetofautiana, mwili ni mmoja, na aliyeshitakiwa ni mwili! Mtu akipima mchele kwa mizani mbili, akapata jawabu mbili, hutazama mizani, hamlaumu mchele. Wasichana wangapi wamekwenda kulala na njaa kwa ajili ya utepe uliokatwa vibaya katika kiwanda ambacho hawatakiona?

Wenye viwanda wana majibu yao, nami nimeyasikia. Husema kwamba miili ya watu haifanani. Wawili wenye urefu mmoja hutofautiana mabega na nyonga, na kwamba hapana nambari iwezayo kumtosha kila mtu. Ni kweli tupu. Lakini mimi siwaombi nguo itakayomtosha kila mtu. Naomba waseme ukweli juu ya nguo iliyo mkononi. Wakiandika kuwa shati hili limekusudiwa kifua cha sentimita 92, sitawadai linikae vizuri. Nitakwenda na utepe wangu, nikiwa na 98 nitaliacha. Husema tena kuwa nguo nyingine hukusudiwa ziwe pana na nyingine zibane, kwa hiyo sentimita zitamchanganya mnunuzi. Hilo halina uzito. Andika kipimo cha mwili ambao nguo imekusudiwa kuuvaa, kisha shona pana au bana upendavyo. Na wasemao kuwa ni gharama, nawauliza: utepe wa nambari si umekwisha kushonwa pale? Wino wa kuandika 92 una bei gani kuliko wino wa kuandika M?

Tena jambo lenyewe si la kubuni. Shirika la Viwango la Kimataifa limekwisha kuandika kanuni ya viatu iitwayo Mondopoint, ambayo huandika urefu wa mguu, si wa kalibu, kwa milimita, na upana wake pia. Majeshi kadhaa huitumia, kwa sababu jeshi halina nafasi ya kumbembeleza askari kwa nambari ya kupendeza. Askari mwenye malengelenge hatembei. Watengenezaji wa viatu vya kutelezea thelujini huitumia vile vile. Nchi za Ulaya zina kanuni ya nguo, EN 13402, iliyotolewa mwanzoni mwa karne hii, inayoonyesha picha ndogo ya mwili wa mtu na sentimita za kifua, kiuno na nyonga. Si sheria ya lazima, na hapo ndipo ilipolegea; mwenye kiwanda aipendaye huifuata, asiyeipenda huiweka kabatini.

Sisi tuna Shirika la kukagua ubora wa bidhaa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1974, na tuna sheria ya mizani na vipimo. Nataka nguvu ile ile inayomlinda mnunuzi wa sukari imlinde mnunuzi wa kiatu. Isiuzwe sare ya shule katika nchi hii, wala kiatu cha shule, bila kuandikwa sentimita za mwili uliokusudiwa. Naanza na sare kwa makusudi. Mnunuzi wa sare hana hiari; shule imemwamuru rangi, imemwamuru mshono, na mara nyingi imemwamuru hata duka. Mtu aliyenyimwa kuchagua asinyimwe na kipimo. Na lile duka lenye kibao cha mali ikishauzwa hairudishwi, likiuza 25 iliyo 24, likubali kurudishiwa, na kibao kisiwe ngao. Nguo za mitumba sizitii katika amri hii, kwa maana zilishonwa nje na nambari zake hazitengenezeki. Huko shingo na kijiti vitaendelea na kazi yao.

Wewe, mwanafunzi, huwezi kutunga sheria leo. Lakini una rula katika mkoba wako. Jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi ya mchana, simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, mwenzako apige alama mbele ya kidole kirefu. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa aghalabu haifanani, uandike ulio mrefu. Ukienda dukani usiseme unavaa 6. Sema, "Mguu wangu ni sentimita 24," kisha umngoje mwenye duka ajibu. Mara ya kwanza atakushangaa. Wakija kumi kwa siku na neno hilo hilo, atanunua rula. Na akinunua rula, ataanza kumwuliza maswali yule anayemletea makasha.

Mimi nilikwenda hivyo kununua jozi ya pili ya mpwa wangu. Dada alikipeleka kijiti kwa basi, kimefungwa katika karatasi ya daftari: cha mti wa mpera, kimekatwa kwa kisu, sentimita 25 kamili. Nilikitia katika jozi saba. Iliyomfaa ilikuwa na chapa ya 7, na siku niliyompelekea alivaa pale pale langoni, akafunga kamba, akapiga mguu chini mara mbili, kisha akaniuliza kama zile za kwanza naweza kumpa mdogo wake.